Kuku Mgeni na Mlango wa Banda
Maneno kwa mkulima afugaye kuku wa kuuza mayai

Mtu afugaye kuku watano uani, maradhi yakiingia, hupoteza kitoweo. Lakini afugaye kuku 200 kwa biashara hupoteza ada ya shule ya watoto, na fedha ya mbegu za mwaka ujao, tena hubaki na deni la chakula cha kuku alichokopa dukani. Basi hawa wawili, ijapokuwa wote huitwa wafugaji, hawawezi kufuata desturi moja. Karatasi hii yamhusu huyo wa pili. Nawe ukiwa wa kwanza, mwenye nia ya kuongeza kuku, yafaa uisome kabla hujaongeza.

ADUI MWENYEWE

Maradhi yaogopwayo kuliko yote ni mdondo, ambayo wengine huyaita kideri. Huletwa na virusi, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kuku aliyeshikwa hujikunyata, mabawa yakamlegea. Huhema kwa kinywa wazi, huhara kinyesi cha kijani, na pengine shingo humpinda au miguu humpooza. Kuku wa mayai huacha kutaga ghafula. Kundi lisilochanjwa laweza kufa lote, au karibu lote, kwa siku chache tu.

Hakuna dawa ya kuyaponya. Yeyote akuuziaye vidonge au unga, akisema vyaponya mdondo, akupotezea fedha. Tena usisadiki kwamba maradhi haya huletwa na upepo wa msimu au na jicho la mtu. Hutembea, nayo yana njia zake. Yalipewa jina la Newcastle kwa sababu ya mji wa Newcastle upon Tyne, bandari ya Uingereza, yalikoonekana mwaka 1926. Mwaka huo huo yalionekana pia katika kisiwa cha Java. Mwaka 1935 yaliandikwa Kenya, katika Mombasa, nayo pia ni bandari. Palipo na safari na biashara nyingi, ndipo yanapopata njia.

YAINGIAVYO

Wahenga walisema: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mfugaji na alishike neno hili kama sheria. Kuku aliyeambukizwa aweza kukaa siku 2 hata 15 kabla ya kuonyesha dalili, na mara nyingi siku 5 au 6. Basi kuku uliyemnunua sokoni akiwa mchangamfu, mwenye upanga mwekundu, aweza kuwa amebeba kifo cha wenzake wote. Mtenge mahali mbali na banda, mlishe kwa chombo chake mwenyewe, umchanje, na kwa majuma matatu asichanganyike na wengine.

Lakini kuku siye mgeni wa pekee. Viatu vya mchuuzi aliyetoka kupita mabanda saba ni mgeni. Trei zilizotumika kwingine, magunia ya zamani, matenga ya kuchukulia kuku, na manyoya uliyotupa jikoni baada ya kumchinja kuku wa sokoni, vyote ni wageni. Mnunuzi wa mayai na aonane nawe njiani, wala asiingie bandani. Uwe na viatu vya bandani tu, na mlangoni uweke chombo chenye maji ya dawa ya kuulia vijidudu, ukikanyage kila uingiapo. Maji hayo yakichafuka hayana nguvu tena, yabadilishwe.

BANDA

Banda jema hufanya kazi mbili: huzuia wageni wasiingie, na huwapa kuku hewa. Wafugaji wengi huikumbuka ile ya kwanza wakaisahau ya pili, wakaziba kuta zote hata kuku wakakosa pumzi.

Tuseme una kuku 200 wa mayai. Mita moja ya mraba yatosha kuku wanne, basi wahitaji mita 50, yaani urefu wa mita 10 na upana wa mita 5. Ncha za banda zielekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lisipige ndani. Ukuta wa chini uwe wa kimo cha goti au kupita kidogo. Toka hapo hata paani uweke wavu wa waya wenye matundu madogo, ndege wa porini wasipite. Sakafu ya saruji ni bora, kwa kuwa huoshwa, wala panya hawaichimbi kwa urahisi.

Juu ya sakafu tandaza maranda ya mbao au makapi ya mpunga, unene wa sentimeta 10. Yageuze mara kwa mara, na palipolowa uondoe. Ukiingia asubuhi ukasikia harufu kali hata macho yakawasha, jua ya kuwa macho ya kuku yamewasha usiku kucha. Matandiko yaliyolowa huleta na kuhara damu, ambako huua vifaranga wengi.

Fito za kulalia zimpe kila kuku sentimeta 20. Kwa kuku 200 ni fito nane za mita 5. Viota viwe 40, kimoja kwa kuku watano, vikae penye giza kidogo. Maji safi yasipungue lita 50 kwa siku, na siku za joto yazidi. Vifaranga wasikae pamoja na kuku wakubwa. Uwahudumie wao kwanza, wakubwa baadaye.

CHANJO

Banda peke yake halitoshi. Chanjo ya I-2, ambayo yastahimili joto kuliko chanjo za zamani, hutiwa jichoni: tone moja katika jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa. Hurudiwa kila miezi mitatu hata minne. Ijapokuwa yastahimili joto, usiiache juani. Wape kuku majuma mawili ili kinga ipate nguvu. Basi chanja kabla ya msimu wa maradhi, wala usingoje jirani aanze kuzika. Kuku aliyekwisha ugua haponi kwa chanjo. Ukiwa na kuku wa kisasa walioletwa tangu vifaranga, fuata taratibu ya chanjo utakayopewa na Bwana Mifugo.

Tena semezana na jirani zako mchanje siku moja. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Na hapa neno hilo lina maana mbili.

YAKIISHA KUINGIA

Hapa ndipo moyo wa mfugaji hujaribiwa. Aonapo kuku watatu wamekufa alfajiri, shauri la kwanza limjialo ni kuwakamata waliosalia na kuwapeleka mnadani upesi, apate walau nusu ya fedha yake. Usifanye hivyo. Kila kuku utakayemwuza atakwenda kuua kundi la mtu mwingine, naye mchuuzi atayarudisha maradhi kijijini kwako. Funga mlango, mwite Bwana Mifugo, asiuzwe kuku wala yai. Mizoga ichomwe au ifukiwe chini sana, mbwa wasiifukue. Kisha unawe mikono, kwa kuwa maradhi haya huweza kuwasha macho ya mtu.

Baadaye ondoa matandiko yote, osha, nyunyiza dawa, uache banda tupu muda usiopungua majuma manne. Ni kweli kwamba banda tupu halileti fedha. Lakini mkulima aliyepoteza kundi moja akafunga mlango wake, aweza kuanza tena, na jirani zake watamwuzia vifaranga wazima. Yule aliyewauza wagonjwa hatapata kijijini mwake mahali pa kununua kifaranga mzima.