Dhamana ya Idara na Kampuni katika Sharia ya Tabianchi

Mnamo tarehe 26 Juni 2019, baraza linalosikiliza rufaa za mazingira nchini Kenya lilibatilisha leseni ya mtambo mkubwa wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, katika Kaunti ya Lamu. Na miongoni mwa sababu za hukumu hiyo zilikuwamo mbili zinazotuhusu hapa: kwamba wenyeji hawakushirikishwa kama ipasavyo, na kwamba Sharia ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikutiwa maanani. Mwekezaji aliyekwisha kutumia mali na miaka yake, pamoja na idara iliyokwisha kutia muhuri, wote walirudishwa nyuma kwa kuwa mashauriano hayakufanywa wakati wake.

Aghalabu watu hudhani kwamba tabianchi ni shughuli ya wizara ya mazingira peke yake, na ya wajumbe waendao kwenye mikutano ya dunia. Sharia ya 2016 haikubali dhana hiyo. Imeunda Baraza la Taifa la Mabadiliko ya Tabianchi ambalo mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe, ikawawekea wafanyabiashara kiti ndani yake, kisha ikailazimisha kila idara ya serikali kuu kuwa na kitengo cha tabianchi chenye watumishi na fedha za kutosha, kikiongozwa na ofisa wa daraja ya juu, na kutoa taarifa kila mwaka. Daraja hiyo ya ofisa ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mhandisi wa barabara anayekadiria upana wa kalvati kwa kufuata rekodi za mvua za zamani, ilhali mvua zenyewe zimekwisha kubadilika, hujenga kitu kitakachosombwa na maji. Na mafuriko ya mwaka 2024 yalituonyesha barabara ngapi zinaweza kukatika katika msimu mmoja. Wa kumzuia mhandisi huyo ni mwenye kauli katika idara yake, si karani mgeni aliyepewa cheo kisicho na fungu la fedha.

Kwa upande wa kampuni, sharia imelegea, nami naona imelegea mno: inasema Baraza laweza kuzitwika wajibu, haisemi kwamba ni lazima lizitwike. Hali ya kuwa kampuni ndizo zenye hesabu ambazo serikali haiwezi kuzibahatisha. Chukua mathalani kiwanda cha saruji. Sehemu kubwa ya hewa ukaa itokayo tanuuni hutoka katika mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa, wala si katika kuni au makaa tu, kwa hiyo kubadili nishati peke yake hakutoshi. Na ajuaye ni kiasi gani kingeweza kupunguzwa, kwa gharama gani na kwa muda gani, ni yule anayeliendesha tanuu. Sera ikiandikwa bila yeye, itakuwa na tarakimu zisizotekelezeka.

Wala simaanishi kwamba wenye viwanda waitwe peke yao faraghani, kwani kila mtu huvutia maslahi yake, na hilo si aibu maadamu wengine nao wapo kumjibu. Ndiyo maana sharia imetaka umma ushirikishwe pia. Na marekebisho ya 2023 yakaongeza jambo zito, kwamba katika miradi ya kaboni inayotegemea ardhi, jamii yenye ardhi ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka. Mfugaji wa jamii hiyo aliyeahidiwa fungu hilo ana haki ya kuyaona madaftari ya kampuni, na asiyeyaona atajuaje kwamba amepewa haki yake?

Mpango wa Taifa wa Utekelezaji wa masuala ya tabianchi huandaliwa kila baada ya miaka mitano, na huu wa sasa unakoma 2027. Taarifa za idara na hesabu za viwanda zapasa zitolewe hadharani sasa hivi, kabla rasimu ya mpango ujao haijaandikwa, ili atakayealikwa kutoa rai aikute nafasi ya rai yake ingali wazi.