Mkebe Uliofichwa Msituni

Wahenga walisema mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Huko Marekani kuna mchezo uliojengwa juu ya neno hilo. Mtu huficha mkebe msituni, hutangaza mahali ulipo kwa namba, na watu wasiomjua huenda kuutafuta. Mchezo wenyewe unaitwa jiokeshingi. Umewatoa wengi nyumbani, wazee kwa watoto, wakaenda kutembea katika hifadhi. Lakini pia uliwakosanisha na wenye ardhi. Hebu tuone ulivyoanza, na kwa nini bila ruhusa hauwezi kudumu.

ULIANZA VIPI?

Juu angani kuna setilaiti za serikali ya Marekani zinazotuma ishara duniani. Mtambo mdogo wa GPS hupokea ishara hizo na kukuonyesha mahali ulipo kwa latitudo na longitudo. Zamani ishara za raia zilipunguzwa usahihi kwa makusudi, hata mtambo ukaweza kukosea kwa mita 100 hivi. Mwezi wa Mei 2000, Rais Bill Clinton aliamuru jambo hilo likome. Usahihi ukawa karibu mara kumi ya ule wa kwanza.

Tarehe 3 Mei 2000, Dave Ulmer alitaka kuujaribu usahihi huo. Aliweka ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Ndani alitia vitabu, pesa kidogo, manati, mkebe wa maharagwe na vitu vingine, halafu akatangaza namba za mahali hapo kwenye intaneti. Sharti lilikuwa moja: ukichukua kitu, acha kitu. Haikupita siku nyingi ndoo ikapatikana. Leo mikebe ya namna hiyo inazidi milioni 3 duniani, na Kenya pia imo.

UNACHEZWAJE?

1. Chagua mkebe katika orodha ya mchezo na uandike namba zake. Siku hizi simu yenye GPS inatosha.

2. Tembea ukifuata namba hizo. Zitakufikisha karibu tu. Mita chache za mwisho ni kazi ya macho: chini ya jiwe, ndani ya gogo, nyuma ya mizizi.

3. Ukiupata, fungua. Utakuta daftari na penseli. Andika jina lako na tarehe.

4. Funga vizuri maji yasiingie, kisha uurudishe palepale. Si ati uusogeze mahali unapopenda wewe. Mwenzako atahangaika bure.

UGOMVI ULITOKA WAPI?

Watu wengi wakizunguka mti mmoja, nyasi hukanyagwa na njia mpya huchimbika. Sanduku lililofungwa likionekana chini ya daraja, watu huogopa. Zaidi ya mara moja polisi wameitwa kwa kudhani ni bomu, kumbe ni daftari na penseli.

Katika hifadhi za taifa za Marekani sheria hairuhusu kuacha mali bila mwangalizi kwa zaidi ya saa 24. Mkebe wa mchezo huu hukaa miaka. Basi huko haufichwi mpaka mkuu wa hifadhi akubali. Mwaka 2005 wawakilishi wa jimbo la South Carolina walipitisha mswada wa kuuzuia mchezo huu makaburini na sehemu za kale kama hakuna ruhusa. Mswada huo haukupita katika Seneti, lakini wachezaji walipata onyo.

HIFADHI ZA MAJIMBO

Mbali na hifadhi za taifa, kila jimbo la Marekani lina hifadhi zake. Ile ya maporomoko ya Niagara, jimbo la New York, iliwekwa mwaka 1885. Watu huenda katika hifadhi za majimbo kutembea, kuvua samaki, kupiga makasia na kulala kwenye mahema. Kila jimbo hujiamulia masharti yake. Pennsylvania, kwa mfano, anayetaka kuficha mkebe huomba kwanza idhini ya ofisi ya hifadhi. Hivyo ofisi hujua kilipo kila kitu, na huweza kukataa mahali penye viota, mimea adimu au mteremko wa hatari. Huko Minnesota maofisa wenyewe wamewahi kuficha mikebe ili kuwavuta wageni.

Pasipofaa mkebe kuna njia nyingine iliyoanza mwaka 2004. Hakuna kinachofichwa. Namba zinakupeleka kwenye mwamba, bonde au chemchemi. Unatazama, kisha unajibu maswali juu ya jinsi ardhi ile ilivyofanyika.

Wachezaji nao wamejiwekea kanuni. Usichimbe. Usitie chakula, kwa maana wanyama watauvunja mkebe. Kati ya mkebe na mkebe ziwe angalau mita 161. Ukirudi, okota takataka njiani. Jambo la kuchekesha ni kwamba ndoo ile ya kwanza ilikuwa imefukiwa nusu na ilikuwa na maharagwe. Leo ingekataliwa!

NA SISI JE?

Kikundi cha vijana kinaweza kuucheza mchezo huu kwa simu moja na mkebe mmoja. Watoto watajifunza latitudo na longitudo kwa miguu badala ya ubaoni tu. Lakini anzeni kwa mwenye ardhi: shamba ni la nani, msitu unasimamiwa na ofisi gani? Mwambieni na naibu wa chifu. Tumieni chombo kinachoonyesha kilichomo, na nje muandike ni cha nini na ni cha nani. Msikiweke karibu na barabara, soko au kituo cha polisi. Na siku mkichoka na mchezo, rudini mkakiondoe.