Mwanga wa leza wafichua sumu ndani ya chupa

MNAMO Mei 2014, zaidi ya watu 60 walifariki na wengine wakapofuka katika Embu, Kitui na kaunti nyinginezo nchini Kenya, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli.

Kemikali hiyo haina rangi, na harufu yake yakaribiana na ya ethanoli, ambayo ndiyo pombe ya kawaida. Ikishaingia mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki, inayoharibu neva za macho.

Je, mwanakemia aitambuaje bila hata kufungua chupa? Njia mojawapo ni mbinu ya Raman. Msingi wake uligunduliwa mjini Calcutta mnamo Februari 28, 1928 na mwanafizikia wa India, C. V. Raman, aliyetuzwa Nobel mwaka wa 1930.

Mwanga wa rangi moja, siku hizi wa leza, huelekezwa kwenye kitu. Karibu wote hutawanyika ukiwa na rangi ile ile. Lakini sehemu ndogo mno, takriban moja kati ya milioni 10, hubadilika rangi kidogo kwa kuwa imeziachia molekuli baadhi ya nguvu zake, nazo zikatetemeka.

Kila aina ya molekuli hutetemeka kwa namna yake, mithili ya alama ya kidole. Kwenye mizani ya wanakemia, ethanoli huonyesha kilele karibu na 880, nayo methanoli karibu na 1,030. Maji hayatatizi sana kipimo hicho, na kioo kisicho na rangi hupitisha leza.

Ukanda wa Ruiru hadi Thika, palipo na chuo kikuu cha JKUAT huko Juja, una suala jingine linalofaa mbinu hii. Ruiru ni makao ya taasisi ya utafiti wa kahawa. Arabika ina kahweoli nyingi, ilhali Robusta karibu haina. Mafuta ya buni yakipimwa, huweza kubainika iwapo mnunuzi ameuziwa mchanganyiko.

Hata hivyo, mbinu hii ina mipaka. Vinywaji vyenye rangi hung'aa vyenyewe vikimulikwa na kufunika ishara hiyo hafifu, nayo methanoli kidogo sana yaweza kupita bila kuonekana. Kwa hivyo, matokeo huthibitishwa kwa kromatografia ya gesi.

Lakini kipimo hicho cha pili huhitaji maabara na muda. Leza huonyesha kwa dakika chache ni chupa ipi izuiwe kwanza, kabla haijamfikia mnywaji.