Saratani Inayofanana na Fibroidi

Leiomayosarkoma ni saratani adimu inayoanzia katika misuli laini ya ukuta wa mji wa mimba. Kati ya saratani zote za kiungo hicho, huchukua takriban asilimia 1 hadi 2 tu. Ugumu wa kuitambua ni kwamba huota katika misuli ileile inayoota fibroidi, uvimbe usio saratani ambao wanawake wengi huwa nao kabla ya kutimiza miaka 50, hasa wenye asili ya Afrika.

Dalili za saratani hii ni zilezile za fibroidi: hedhi nzito, maumivu ya nyonga, tumbo kujaa na haja ndogo ya mara kwa mara. Altrasaundi huonyesha uvimbe, lakini mara nyingi haibainishi aina yake. Kipimo cha picha cha MRI husaidia zaidi kwa kuonyesha kingo zisizo sawa, damu iliyovilia ndani au sehemu zilizokufa. Hata hivyo, fibroidi iliyoharibika huweza kuonekana vivyo hivyo. Kipande cha utando wa ndani wa mji wa mimba kikipimwa, saratani huweza kutoonekana kwa kuwa imejificha ndani ya msuli.

Umri hutoa fununu muhimu. Fibroidi hutegemea homoni, hivyo kwa kawaida husinyaa baada ya ukomo wa hedhi. Uvimbe unaozidi kukua wakati huo, kwa mwanamke asiyetumia dawa za homoni, hutia shaka, sawa na kutokwa damu baada ya ukomo. Waliowahi kutibiwa nyonga kwa mionzi, au kutumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, kwa miaka mingi, wamo hatarini zaidi.

Uthibitisho hupatikana chini ya hadubini. Mtaalamu wa patholojia huangalia viini vya seli vyenye maumbo yasiyo ya kawaida, wingi wa seli zinazogawanyika na sehemu za uvimbe zilizokufa.

Mwaka 2014 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilionya dhidi ya mashine za kusagia fibroidi tumboni wakati wa upasuaji wa matundu madogo. Ilikadiria kuwa mwanamke 1 kati ya 350 waliofanyiwa upasuaji wa fibroidi alikuwa na sarkoma (kundi la saratani ambamo leiomayosarkoma imo) isiyojulikana, na kuisaga huweza kuitawanya tumboni.

Kwa hiyo kila uvimbe unaotolewa upelekwe maabara, na mgonjwa asiache kufuatilia majibu yake.