KIUNGULIA KINACHORUDI KILA JUMA NI MARADHI

Kiungulia ni moto unaopanda kutoka chembe cha moyo hata kooni, na mara nyingine huleta maji machungu kinywani. Kikija siku moja baada ya karamu kisha kikapita, si kitu. Lakini kikimrudia mtu kila juma, hayo ni maradhi. Hesabu za nchi nyingi zilizokusanywa mwaka 2020 zilionyesha kwamba katika kila watu 100, kama 14 wanayo.

Kusini ya Pwani, tangu Diani hata Msambweni, wengi wakiona moto huo husema, "Nina vidonda vya tumbo." Pengine sivyo. Vidonda vingi huletwa na kijidudu kilichogunduliwa mwaka 1982 na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, au na dawa za maumivu. Kiungulia kina asili nyingine. Mwisho wa umio pana msuli ulio kama mlango: hufunguka chakula kipite, kisha hujifunga. Ukilegea, tindikali ya tumbo hupanda na kuunguza umio, ambao hauna ngozi ya kustahimili ukali huo.

Mambo yanayoudhoofisha mlango huo ni mengi. Unene wa tumbo na mimba huusukuma kutoka chini. Sigara na pombe, hata tembo la mnazi, huulegeza. Viazi karai, bajia na vyakula vingine vya mafuta mengi hukawia tumboni; miraa nayo hukawiza chakula. Lakini mazoea mabaya kupita yote ni kushiba na kulala papo hapo. Mtumishi wa hoteli anayetoka zamu usiku wa manane, akala wali wa nazi sahani tele na kujilaza, humwaga tindikali umioni mwenyewe. Kadhalika anayekula daku akashiba na kurudi kitandani.

Basi yafaa kushika haya:

1. Kula kidogo kidogo, na mlo wa mwisho uwe saa 2 au 3 kabla ya kulala.
2. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa vipande vya mbao, kadiri ya sentimeta 15 hadi 20. Lalia ubavu wa kushoto.
3. Mnene apunguze uzito. Mvutaji aache sigara.

Usinunue dawa dukani mwezi baada ya mwezi bila kupimwa. Anayeshindwa kumeza, anayekonda bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi, aende upesi hospitali ya Msambweni, ya Kwale au iliyo karibu naye. Na maumivu ya kifua yanayobana na kuenea mkononi au tayani, pamoja na jasho, yasidhaniwe kuwa kiungulia: huenda ni moyo, wala hayangoji asubuhi.