Apareyi ya Mfukoni na Apareyi ya Kabatini

Mwaka wa 2019 tulimzika mzee mmoja wa kanisa letu. Kwenye kilio mama mjane akaniuliza: "Pastere, uko na foto ya baba?" Nikakosa la kujibu. Nyumbani nilikuwa na apareyi kubwa, kilo moja na zaidi pamoja na lensi yake, yenye kupiga foto safi kabisa. Lakini ilikaa paka kabatini, juu ya uzito. Jumapili ngapi nilisimama na mzee yule mlangoni mwa kanisa, mikono mitupu! Basi walipanua kifoto cha karte yake ya uchaguzi. Sura ikawa ukungu, macho hayaonekani. Ndiyo iliyowekwa juu ya sanduku.

Tuseme ukweli, apareyi kubwa inashinda, na sababu iko. Ndani mna kipande kinachopokea mwanga, ndicho kapteri. Katika apareyi nyingi za wapiga foto wa kazi kina milimeta 36 kwa 24. Katika ndogo kama Sony RX100, iliyotoka mwaka 2012, kina 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake ni pungufu mara saba. Kile cha simu nyingi ni kidogo tena kuliko hicho. Ni kama kuweka beseni na kikombe uani wakati wa mvua. Mchana wa jua hata kikombe kinajaa. Lakini usiku wa Noeli, umeme umekatika, kwaya inaimba na mishumaa, kikombe kinapata matone tu, na foto inajaa punje-punje.

Vijana wanapenda kubishana habari ya pikseli. Jamani, foto ya karatasi ya sentimeta 10 kwa 15 inahitaji karibu pikseli milioni 2 tu! Shida yenu ni mwanga. Mpeleke mama karibu na dirisha.

Tena uzito si taabu ya leo. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz kule Wetzlar, Ujerumani, alikuwa na pumu, na apareyi za wakati ule zilimchosha. Karibu mwaka 1914 akatengeneza ndogo ya kutumia filme ya sinema, picha yake milimeta 24 kwa 36. Ndiyo Leica, iliyouzwa tangu 1925. Angalia basi: kipimo tunachoita kikubwa leo, kwake kilikuwa kidogo!

Katikati kuna kama Ricoh GR III ya mwaka 2019: gramu 257, kapteri ya 23.5 kwa 15.6. Haina zumu, lazima umkaribie mtu. Kwa mchungaji hiyo si hasara. Bei ndiyo inauma, na kwa jamaa nyingi simu yatosha.

Angalisho moja kwetu sisi wa migodi: apareyi ambayo lensi yake hutoka na kuingia inavuta vumbi. Kiangazi, malori yakipita, ifunge ndani ya sashe ya plastiki.

Mimi nilinunua ndogo iliyokwisha kutumika, inakaa mfukoni mwa koti. Jioni moja nilimkuta yule mama mjane mlangoni pake anamenya karanga, nikampiga. Upande wa kivuli kuna punje kidogo. Ameitundika sebuleni, karibu na ile ya karte.