Kukutana si kujuana: Jinsi hesabu hubaini makundi ya watu

WATU 14 wakihudhuria karamu moja, je, wote ni marafiki? Swali hili huwasumbua wataalamu wanaotumia hesabu kutambua makundi yaliyojificha ndani ya jamii.

Kwa muda mrefu, wataalamu hao wamechora mahusiano kwa nukta na mistari. Kila mtu ni nukta, na mstari huunganisha wawili wanaohusiana. Palipo na mistari mingi, husemekana pana kundi. Hata hivyo, binadamu hawakutani wawili wawili tu. Hukutana pia wakiwa wanane au kumi na wawili, harusini, kamatini na katika vyama.

Mfano mashuhuri unatoka mji wa Natchez, jimbo la Mississippi nchini Marekani. Allison Davis, Burleigh Gardner na Mary Gardner walichunguza maisha ya huko katika miaka ya 1930. Katika kitabu chao, Deep South, kilichochapishwa 1941, waliorodhesha wanawake 18 na hafla 14 walizohudhuria, kama zilivyoripotiwa gazetini.

Orodha hiyo inaonyesha pande mbili. Hafla 5 zilikuwa za upande mmoja na nyingine 5 za upande wa pili, wala hakuna mwanamke aliyehudhuria za pande zote mbili. Hafla 4 zilizosalia ziliwachanganya.

Matatizo huanza hafla zinapogeuzwa kuwa jozi. Hafla ya watu 3 huzaa jozi 3, ilhali ile kubwa zaidi, ya watu 14, huzaa jozi 91. Hafla zote huzaa jozi 322, na 230 kati ya hizo, yaani zaidi ya asilimia 70, hutokana na zile 4 za mchanganyiko. Hivyo basi, mikusanyiko isiyoeleza mengi kuhusu urafiki hufunika vikao vidogo vya watu wa karibu.

Dawa mojawapo ni kugawanya uzito wa kila jozi kwa idadi ya waliohudhuria ukitoa mmoja. Jozi ya hafla ya watu 3 hupata nusu, na ya watu 14 hupata sehemu moja ya 13. Kwa njia hiyo, mchango wa hafla 4 za mchanganyiko hushuka hadi chini kidogo ya nusu.

Njia nyingine haivunji hafla kamwe. Katika mchoro uitwao haipagrafu, kiungo kimoja huzingira watu wote waliokutana, hata wawe wangapi. Hapo kikao kimoja cha watu watatu hakichanganywi na vikao vitatu vya wawili wawili, kosa ambalo mchoro wa mistari hauwezi kuliepuka.

Mnamo 2003, Linton Freeman alilinganisha njia 21 zilizotumiwa kuwagawa wanawake hao. Hazikuafikiana kuhusu wote. Wawili kati yao walionekana katika hafla za mchanganyiko pekee, na njia inayolazimisha kila mtu awe na kundi itawatia mahali pasipo na ushahidi.

Hilo si jambo dogo. Hesabu za aina hii zinapotumiwa kuwachunguza watu, aliyehudhuria mkutano mmoja mkubwa anaweza kuhesabiwa mshirika wa asiowajua. Kabla ya kuuliza ni nani alikuwa na nani, sharti kuulizwa walikuwa wangapi.